Kamati ya Woga Wangu

Tangazo lilisomwa kanisani baada ya mahubiri, katikati ya tangazo la mnada wa mavuno na lile la mbuzi aliyepotea. Mjini Bukoba, ilisemwa, inaanzishwa okestra ya vijana. Wapigaji wa fidla, filimbi na matarumbeta wanakaribishwa kwenye usaili. Msomaji, aliyekuwa mzee wa kanisa na pia baba yangu, alilitamka neno "okestra" kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini. Kisha akainua macho akanitafuta kwenye benchi la wapiga matarumbeta. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Kwa kijana wa kijijini kwetu Buganguzi, kusubiri matokeo maana yake ni kuchota maji, kupalilia, kuanika kahawa, na kuulizwa na kila anayepita kama matokeo yametoka. Tarumbeta nilianza kuipiga nikiwa bado shule ya msingi. Kiongozi wa kundi letu, mwalimu mstaafu mwenye pumu, alinichukua mimi, msichana pekee, kwa maelezo kwamba wavulana wana pumzi nyingi lakini hawana subira. Alitufundisha kusoma noti kwa fimbo na kwa upole, akibadilisha kulingana na hali ya kifua chake.

Nilikuwa nimepiga kwenye harusi na misiba ambayo siwezi kuihesabu, na sikuwahi kuogopa hata siku moja. Baadaye nilielewa kwa nini. Kwenye harusi watu wanamtazama bibi harusi. Kwenye msiba wanatazama jeneza. Tarumbeta inasikika, lakini hakuna anayeisikiliza. Sasa naambiwa mjini kuna watu watatu watakaokaa nyuma ya meza, wasiwe na kazi nyingine yoyote isipokuwa kunisikiliza mimi. Woga wangu ulianza siku hiyo hiyo ya tangazo.

Mwalimu alinichagulia wimbo wa maziko, ule wa polepole kabisa. Alisema wenzangu wote watakwenda na nyimbo za mbio ili makosa yao yapite haraka, basi mimi nitakwenda na wimbo ambao makosa hayana pa kujificha. Sikuona kama hiyo ilikuwa habari njema. Usharika ukaniruhusu kukaa na tarumbeta nyumbani, nami nikaanza mazoezi.

Mama hakutaka nipigie uani. Alidai kuku wake wameacha kutaga kwa sababu yangu. Kwa hiyo nikawa naingia katikati ya kibanja, kwenye migomba minene, nikidhani majani yatazuia sauti. Kumbe majani ya mgomba hayazuii kitu. Sauti iliteremka bondeni, ikavuka kijito, ikapanda ng'ambo ya pili.

Alasiri moja niliupiga ule wimbo beti zote, nikaurudia, nikaurudia tena. Niliporudi nyumbani nikakuta uani pamejaa watu. Mwanamke mmoja alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, wengine wamebeba kuni, na mwingine alikwishajifunga kanga kiunoni tayari kwa kupika. Wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakiwa wameshika tama. Mbele yao alisimama baba, mzima wa afya, jambo ambalo nadhani liliwachanganya.

"Poleni sana, waitu, ndugu zetu," mmoja wao akasema. "Ni nani?"

"Ni nani nini?" baba akauliza.

"Aliyetutoka."

Baba akanitazama, akaitazama tarumbeta, kisha akaanza kueleza habari za okestra. Watu walimsikiliza kwa heshima zote. Mwenye mkungu alikataa kuurudisha. Alisema ndizi zikishatoka nyumbani kwa ajili ya msiba haziwezi kurudi kama zilivyotoka. Basi zikamenywa, zikapikwa, watu wakala, mmoja akaomba dua fupi ya kunitakia heri. Ulikuwa msiba uliotimia, ila hatukuwa na maiti.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakufurahi. Chini ya kibanja chetu aliishi bibi mmoja mzee aliyekuwa hoi kitandani tangu masika. Kesho yake aliniita. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwamkia.

"Jana nilisikia mmeanza," akasema. "Nikaita watu wa humu ndani niwaulize kama nimekufa. Hakuna aliyeitika. Wote walikuwa wamekwenda kwenu na kuni."

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Ya kwangu?"

"Hapana, bibi! Ya mjini."

Akatazama dari. "Pale mwishoni unakimbiza," akasema. "Siku yangu usikimbize. Sina haraka."

Baada ya tukio lile usaili haukuwa wangu tena. Kwetu hakuna jambo dogo kiasi cha kuachiwa mwenyewe. Baba aliitisha kikao, kikao kikazaa kamati, na kamati ikapata mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ingawa hazina haikuwapo. Ajenda ya kwanza ilikuwa sare. Ajenda ya pili ilikuwa woga wangu. Nilikuwa nimemnong'oneza mama kwamba mikono inanitetemeka nikifikiria Bukoba. Kufikia jioni katibu alikuwa ameshauingiza kwenye muhtasari.

Kila mjumbe alikuwa na dawa. Mmoja alisema ninywe mayai mabichi mawili asubuhi ya usaili. Mwingine alisema niwatazame wasaili na kuwafikiria kuwa ni migomba. Wa tatu akapendekeza lubisi kidogo, ile pombe yetu ya ndizi, kikombe kimoja tu, ya kulainisha koo. Katibu akapinga, akasema sisi ni Walutheri. Mwenyekiti akamjibu kwamba ni Walutheri, ndiyo, lakini hapa linazungumzwa suala la tiba. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mjumbe aliyesikilizwa kuliko wote ni yule aliyewahi kufanya usaili wa kazi ya utendaji wa kijiji na kuipata.

"Usiwatazame machoni," alinifundisha mbele ya wote. "Watazame hapa." Akajigonga katikati ya paji la uso. "Watadhani unawatazama machoni, kumbe wewe umetulia zako kwenye paji."

Kisha ikaamuliwa nifanyiwe usaili wa majaribio. Wazee watano wa kanisa walikaa nyuma ya meza ya sakristia, mimi nikasimama mbele yao na tarumbeta mkononi. Wakaniambia nijieleze. Nikajieleza. Wakaniuliza vitabu vya Agano Jipya kwa mpangilio. Wakaniuliza nikipata nafasi hiyo jamii itanufaika vipi, na kama nina mchumba, na kama sina, nina mpango gani. Jua lilikwishaanza kuelekea magharibi pale mwalimu wangu, aliyekuwa ameegemea mlango muda wote, alipokohoa na kuuliza, "Na tarumbeta je?"

Mwenyekiti akasema hayo ni mambo ya kitaalamu, yatashughulikiwa na wataalamu hukohuko mjini. Wakanipongeza. Nilikuwa nimefaulu.

Tulipotoka nje nilimuuliza mwalimu dawa yake ya woga ni ipi. Akasema hana.

"Utatetemeka," akasema. "Mimi nilitetemeka kila siku kwa miaka yangu yote ya kazi, na walikuwa watoto wa darasa la tatu. Sasa nenda mbio mpaka kijitoni, urudi mbio, ukifika hapa upige papo hapo. Usipumzike."

Nilishuka mbio, nikapanda mbio, nikafika moyo ukinigonga masikioni na mikono haitulii. Nikaweka tarumbeta mdomoni. Kilichotoka hakikuwa wimbo. "Tena," akasema, akiwa amekaa juu ya jiwe na kopo lake la dawa ya pumu. Tulifanya hivyo kila siku. Polepole nikajua mahali pa kuiba pumzi wakati kifua hakitaki, na jinsi ya kubana viwiko mbavuni ili tarumbeta isicheze. Majirani waliniona nikipanda na kushuka mlima kisha nikipiga wimbo wa maziko, wakaamua kwamba mtihani wa kidato cha nne umeniharibu.

Kamati ilikuwa imepanga kunisindikiza Bukoba kwa gari la kukodi. Ikavunjika kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ya ugomvi kuhusu nani angetoa neno la shukrani mjini endapo ningechaguliwa. Nikasafiri peke yangu, tarumbeta ikiwa ndani ya mfuko wa sandarusi, mayai mawili yakiwa kwenye mkoba. Sitaki kueleza yaliyoyapata mayai yale kabla sijafika Muleba mjini.

Nilifikia Bakoba, mtaa wa hapohapo Bukoba mjini, kwa shangazi yangu. Shangazi anafanya kazi ofisini, na amehudhuria semina nyingi sana za kujiamini, kiasi kwamba anajiamini hata kwenye mambo asiyoyajua. Hakuniuliza nitapiga nini. Alinisimamisha mbele ya kioo cha kabati lake.

"Sema: mimi ni bingwa."

"Mimi ni bingwa," nikasema.

"Hiyo ni sauti ya mtu anayeomba chumvi. Sema kwa tumbo!"

"Mimi ni bingwa!"

"Rudia. Jitazame! Konfidensi!"

Nikarudia, nikarudia, mpaka sauti ya mzee jirani ikatoka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa Mwislamu wa hapo mjini, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na alizoea kujinyoosha kidogo baada ya swala ya adhuhuri.

"Mama," akamwita shangazi kwa adabu, "huyo bingwa atatawazwa lini? Nauliza kwa sababu ya usingizi wangu tu."

Shangazi akaniambia huyo ndiye mfano wa watu wanaovunja moyo wenzao. Mimi nilimshukuru kimoyomoyo, maana nilikuwa nimeanza kumchukia yule msichana wa kwenye kioo.

Siku ya usaili tuliambiwa tufike asubuhi na mapema. Tulifika. Ukumbini kulikuwa na bango kubwa lenye maandishi UZINDUZI WA USAILI, meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na maspika yaliyokuwa yakijaribiwa. Ndipo nilipotambua kwamba usaili hauwezi kuanza hivihivi. Lazima uzinduliwe, na hauwezi kuzinduliwa bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi yuko njiani.

Tukakaa kwenye mabenchi. Vijana wa fidla, wengi wao wa mjini, walikuwa na mikoba migumu yenye kufuli. Kila aliyekuwa karibu nami alikuwa anatetemesha kitu, huyu goti, yule kidole. Ila kijana mmoja alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi, ananukia dagaa, tarumbeta kifuani kama mtoto mchanga. Kitufe kimoja cha tarumbeta yake kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alipoamka nikamuuliza ametoka wapi.

"Goziba," akasema. "Nimekuja na boti ya mizigo."

Akanieleza kwamba yeye ni mvuvi, kambini huko kisiwani. Kwao nyumbani, kabla hajaenda kutafuta maisha ziwani, alikuwa akipiga kwenye matarumbeta ya kanisa. Nikamuuliza kama haogopi.

"Nimetapika njia nzima," akasema. "Kama kulikuwa na woga nao umetoka." Akaniomba maji, akanywa, akalala tena. Katika dawa zote za woga nilizozisikia, hiyo ndiyo pekee niliyoona inafanya kazi, lakini sikuwa na boti.

Mgeni rasmi alifika mchana. Mshereheshaji akakimbia mabenchini akipiga kelele, "Matarumbeta nje! Matarumbeta nje!" Sisi wote tuliokuja kupimwa tukatolewa barabarani kumpokea kwa shangwe. Tulipiga katika vumbi la magari yake, bila kujuana, bila kukubaliana ni wimbo gani, na tulipiga vizuri ajabu. Sikutetemeka hata kidogo. Yeye alipita akiongea na simu.

Hotuba yake iligusa kahawa, uvuvi haramu, dawa za kulevya, fursa zinazowazunguka vijana na umuhimu wa kupanda miti. Mwishoni aliikumbuka okestra, ambayo aliiita kwaya, akautangaza usaili kuwa umezinduliwa rasmi, akaondoka. Mwenyekiti wa usaili akasimama kutuarifu kwamba kutokana na ufinyu wa muda uliojitokeza, kila mtu atapiga nusu ya alichoandaa.

Walipoliita jina langu nilikuwa nimeketi tangu asubuhi na midomo imekauka kama ganda la kahawa juani. Chumbani kulikuwa na watatu. Kulia alikuwapo mwenyekiti, mtumishi mstaafu wa serikali aliyevaa suti. Kushoto mwalimu wa muziki aliyekuwa anaandika bila kuinua kichwa. Katikati mama mmoja mpiga fidla kutoka Dar es Salaam, ambaye ndiye angeiongoza okestra yenyewe. Nikajaribu kuwafikiria kuwa ni migomba, wakabaki watu. Nikatazama paji la mwenyekiti. Lilikuwa linang'aa jasho, na tone moja lilikuwa likiteremka polepole kuelekea puani, na nikajikuta nasubiri lianguke.

Nikapuliza. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

"Anza tena," yule mama akasema.

Nikaanza tena. Mbuzi yuleyule. Machozi yakawa karibu.

"Huwa unapigia wapi?" akaniuliza.

"Msibani," nikasema.

Mwalimu wa muziki akaacha kuandika.

"Na msibani unatetemeka hivi?"

"Hapana, mama. Msibani hakuna anayenitazama."

"Basi tusikutazame," akasema, akashika kiti chake akakigeuza kuelekea ukutani.

"Samahani," mwenyekiti akasema. "Utaratibu hauruhusu wasaili kumpa mtahiniwa mgongo."

"Utaratibu huo umeandikwa wapi?"

"Haujaandikwa. Lakini upo."

"Kwani tunampima kwa macho?" akauliza mwalimu wa muziki, naye akageuza kiti chake. Mwenyekiti akabaki peke yake na meza. Mwishowe akageuka nusu, ubavu kwangu, kwa kulinda heshima ya ofisi.

Kwa hiyo nilipigia migongo miwili na sikio moja. Woga ulikuwa palepale, hilo halikubadilika. Lakini kifua kilichokuwa kinahema vile nilikifahamu. Kilikuwa kifua cha kutoka kijitoni. Nikabana viwiko, nikaiba pumzi pale nilipozoea kuiba, na noti ya kwanza ikatoka safi, ikafuatwa na ya pili. Nilipofika nusu nikasita nikingoja kukatazwa. Hakuna aliyesema kitu, nikaendelea. Pale mwishoni, badala ya kukimbiza, niliacha kila noti ikae mpaka itosheke. Nilipomaliza, mwenyekiti alikuwa ameshika mikono yake mbele, kichwa kimeinama, kama watu wanavyosimama makaburini. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

Kisha wakanipima kwa skeli, ile ngazi ya noti za kupanda na kushuka, nikaipiga vizuri. Wakanipa karatasi ya noti nisizowahi kuziona, nikazisoma, nikapotea mahali, nikaokota njia, nikafika. Nikatoka nje nikakaa chini, na hapo ndipo mikono ilipotetemeka kweli, wakati haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Kijana wa Goziba aliingia baada yangu. Kupitia mlangoni nilisikia akipiga, na kwa kitufe kile kilichofungwa mpira alinipita mbali.

Matokeo ya usaili yalikuja kwenye kundi la WhatsApp. Yule mvuvi alikuwa tarumbeta ya kwanza, mimi ya pili. Jumapili iliyofuata baba alitangaza kanisani kwamba binti yake ameshika nafasi ya pili mkoani, sentensi ambayo niliitafutia kosa bila kulipata vizuri. Kamati iliyokuwa imevunjika ikafufuka ili ijipongeze. Katika muhtasari wake, mafanikio yalitajwa kuwa yametokana na mayai. Mwalimu wangu hakutajwa. Nilimpelekea kilo ya sukari. Akaniambia nikipata nafasi niwe napanda mlima hata huko mjini.

Tarumbeta ya kwanza ilikuwa na shida moja. Dagaa huvuliwa giza likiwa nene, kwa taa, kwa hiyo mwezi ukififia mwenzangu alikuwa ziwani, na mwezi ukiwa mpevu alikuwa okestrani. Ratiba ya mazoezi ya okestra ya vijana ya Bukoba ilipangwa kwa kuangalia juu. Siku za giza mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na woga wangu nao ukajifunza kufuata kalenda.

Mazoezi yetu ya kwanza yalikuwa Jumamosi, mwezi mpevu, sote tupo. Nilikuwa sijawahi kusikia fidla nyingi kwa pamoja. Tulipokaa, mmoja akatoa sauti moja ndefu, wengine wakaijibu, zikapanda na kushuka na kukorogana, chombo baada ya chombo, mpaka ukumbi mzima ukawa unanguruma kama nyuki. Kisha kimya. Nikafikiri huo ndio wimbo wenyewe, na niliuona mzuri sana, mgumu kidogo lakini mzuri. Nikapiga makofi. Kijana wa Goziba naye akapiga makofi, akipiga na mluzi juu yake.

Watoto wa mjini, ambao kumbe walikuwa wakilinganisha sauti za vyombo tu, walicheka hadi wakashika matumbo. Yule mama aliyetuongoza hakucheka. Alitusubiri tumalize, akasema, "Asanteni. Sasa tutaanza."

Akainua mkono. Mdomo wangu ulikwishakauka, kiganja kimelowa jasho, na mwenzangu pembeni alikuwa anakaza ule mpira wa baiskeli kwa meno. Nikabana viwiko mbavuni nikavuta pumzi.